Shahidi Asiyesikika: Mnyama Mpelelezi katika Riwaya za Miji Midogo

Utangulizi

Miongoni mwa tanzu za riwaya ambazo wahakiki huzipita kando bila kugeuka, ni vigumu kupata uliodharauliwa kuliko ule ambamo paka, mbwa, nguruwe au kondoo ndiye afumbuaye fumbo la mauaji katika mji mdogo wa watu wapole. Husemwa kwamba hizo ni kazi za kupitishia wakati, zimfaazo msafiri garini na mgonjwa kitandani. Yamkini nyingi ziliandikwa kwa shabaha hiyo. Hata hivyo, utanzu uliodumu kwa zaidi ya miaka 90, ukamwezesha mwandishi mmoja kutoa vitabu zaidi ya ishirini mfululizo, na ukavuka kutoka Kiingereza hadi Kijerumani, haustahili kutupwa kabla ya kuulizwa swali.

Swali lenyewe ni la lugha. Mnyama wa riwaya hizi anasema. Lakini anasema na nani? Nani amsikiaye, na nani amwaminiye? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya riwaya hizi, tangu Walter R. Brooks mwaka 1932 hadi Leonie Swann mwaka 2005, ni historia ya ukuta mmoja uliosimama baina ya ajuaye na aamuaye. Kila mwandishi ameuinua au ameushusha ukuta huo kwa kadiri yake, lakini katika kazi zitakazotajwa hapa hakuna aliyeubomoa kabisa. Na aliyekaribia kuubomoa alilazimika kuujenga tena mahali pengine. Ukuta huo ndio unaozifanya riwaya hizi ziwe za upelelezi, zisiwe ngano tu; na ndio unaozipa uzito ambao hadhi yake duni huuficha.

Asili ya mnyama shahidi

Mnyama asemaye si uvumbuzi wa riwaya. Hata mnyama atoaye ushahidi mbele ya hakimu ni wa kale. Katika Kalila na Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8, mna sura nzima ya kesi ya Dimna, ambayo wataalamu wengi huiona kuwa nyongeza ya mfasiri huyo, kwani haimo katika visa vya asili vya Kihindi. Dimna, mbweha mwenye ulimi mtamu, amemfitini fahali kwa simba mpaka simba akamwua rafiki yake. Usiku mmoja chui apita karibu na makao ya mbweha hao wawili, amsikia Kalila akimlaumu mwenzake kwa fitina ile, na siri yamfikia mama wa simba. Dimna ashtakiwa. Ajitetea kwa ufasaha mwingi hata mahakama yashindwa kumtia hatiani. Mwishowe chui atoa ushahidi wake, na mnyama mwingine, aliyekuwa kifungoni akayasikia mazungumzo ya Dimna gerezani, aleta ushahidi wa pili. Walipoulizwa kwa nini walinyamaza tangu mwanzo, jibu lao ni kwamba ushahidi wa mmoja usingetosha hukumu.

Yafaa kuangalia kilichomo na kisichokuwamo katika kisa hicho. Mauaji yamo, fitina imo, mashahidi wamo, na hata sheria ya idadi ya mashahidi imo. Kisichokuwamo ni ukuta wa lugha. Mshtaki, mshtakiwa, hakimu na shahidi wote ni wanyama, nao husikilizana bila taabu. Ugumu uliopo ni wa sheria na wa woga, si wa lugha.

Riwaya ya upelelezi ilizaliwa mahali pengine kabisa, na ilizaliwa pamoja na mnyama asiyesema. Mwezi Aprili mwaka 1841, Edgar Allan Poe alichapisha "The Murders in the Rue Morgue" katika jarida la Graham's Magazine la Philadelphia. Wanawake wawili wameuawa Paris katika chumba kilichofungwa. Majirani walisikia sauti mbili kutoka ndani. Juu ya sauti ya kwanza wote wanakubaliana kuwa ni ya Mfaransa. Juu ya ile ya pili kila mmoja ana lake: Mfaransa adhani ni Kihispania, Mwingereza adhani ni Kijerumani, Mhispania ana hakika ni Kiingereza, Mwitalia adhani ni Kirusi. Kila mmoja wao, akiulizwa, akiri kwamba lugha anayoitaja haijui. Mpelelezi Dupin atambua kwamba sauti iliyodhaniwa na kila mtu kuwa lugha ya mgeni haikuwa lugha ya mtu yeyote. Mwuaji alikuwa ni orangutangu wa Borneo aliyemtoroka baharia.

Kwa mwanafunzi wa lugha, kisa hicho kina somo zito. Mashahidi wale hawakusema uongo. Walichokifanya ni kukipa jina la lugha wasiyoijua kila kitu wasichokielewa. Hadithi ya kwanza ya upelelezi ya zama hizi, basi, ilijengwa juu ya kutosikia. Mnyama ametoa sauti, binadamu wakashindwa kuipokea kama ilivyo.

Miaka 51 baadaye Arthur Conan Doyle alilipindua jambo hilo katika "Silver Blaze", hadithi ya mwaka 1892. Farasi wa mashindano ameibwa usiku na mlezi wake amekutwa amekufa. Polisi watafuta nyayo na vitu. Sherlock Holmes atazama jambo ambalo halikutokea. Mbwa aliyekuwa zizini hakubweka. Maadamu hakubweka, aliyeingia alikuwa mtu wa nyumbani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Holmes aliusikia mshindo huo. Hapa mnyama amekuwa shahidi kamili, tena shahidi mkweli kuliko watu wote wa shamba lile, ijapokuwa hakutoa sauti hata moja. Ila alihitaji mfasiri mwenye akili ya Holmes.

Kutokana na kazi hizo mbili yaonekana kwamba vipande vya mnyama mpelelezi vilikuwa tayari kabla ya karne ya 20: mnyama ambaye sauti yake haifahamiki, na mnyama ambaye kimya chake chafahamika. Kilichobaki ni kumpa akili ya kufumbua mwenyewe, pamoja na mji wa kuishi.

Mji mdogo na kanuni ya haki kwa msomaji

Mji huo ulijengwa Uingereza. Mwaka 1930 Agatha Christie alitoa The Murder at the Vicarage, riwaya ya kwanza ya Miss Marple, bikizee wa kijiji cha St Mary Mead. Mengi ya yale yatakayorithiwa na riwaya za wanyama yamo humo. Mauaji hutokea mahali ambapo watu wote wanajuana. Damu haimwagwi mbele ya msomaji. Mwuaji si jambazi apitaye njia bali ni jirani aliyekaa mezani pamoja na wengine, kama wasemavyo Waswahili kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Na mpelelezi ni mtu ambaye hakuna amhesabuye. Miss Marple huona yote kwa sababu hakuna amwonaye yeye. Watu hunyamaza mbele ya polisi, lakini mbele ya bikizee afumaye sweta huendelea kusema.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, padre wa Kikatoliki Ronald Knox, naye mwandishi wa riwaya za upelelezi, alikuwa ameandika amri kumi za utanzu huo. Mojawapo yakataza nguvu zote zipitazo maumbile. Sababu yake ni haki kwa msomaji: hapana budi apewe ishara zile zile alizopewa mpelelezi, ili ashindane naye kwa usawa. Mzimu ukija kumtaja mwuaji, mchezo umekwisha.

Kwa kanuni hiyo mnyama asemaye yuko katika hatari ya kufukuzwa mlangoni. Lau paka aliyeshuhudia mauaji angekwenda moja kwa moja kituo cha polisi na kumtaja mwuaji kwa jina, riwaya ingekwisha katika ukurasa wa kumi. Ndiyo maana ukuta wa lugha si pambo. Ni nguzo ya nyumba. Mwandishi amwachia mnyama ajue mengi, kisha amnyime njia ya kuyafikisha. Umbali ulioko baina ya kujua na kufikisha ndimo riwaya ikaamo.

Kwa upande mwingine, mnyama wa nyumbani ni Miss Marple aliyesogezwa hatua moja zaidi. Ikiwa watu hawajali kusema mbele ya bikizee, seuze mbele ya paka aliyelala dirishani.

Nguruwe wa Centerboro

Wa kwanza kumpa mnyama asemaye ofisi ya upelelezi yenye uzito wa kitabu kizima alikuwa Mmarekani Walter R. Brooks, aliyezaliwa mwaka 1886 katika mji wa Rome, jimbo la New York. Kati ya mwaka 1927 na 1958, mwaka wa kufa kwake, aliandika vitabu 26 vya watoto juu ya wanyama wa shamba la Bwana Bean, lililo karibu na mji mdogo wa kubuni uitwao Centerboro. Mwaka 1932 alitoa Freddy the Detective. Freddy ni nguruwe msomaji. Amesoma visa vya Sherlock Holmes, akaamua kufungua ofisi, na mwenziwe katika kazi ni ng'ombe jike, Bibi Wiggins, ambaye hana elimu ya vitabu lakini ana busara iliyotulia.

Kesi yao kubwa yahusu panya walioiba gari-moshi la kuchezea la mtoto wa nyumba hiyo. Panya hao hulitumia kama ngome: hujificha ndani yake wakalisukuma hadi kwenye sanduku la nafaka, na paka Jinx hana namna ya kuwafikia. Kisha wamzushia Jinx kwamba amemwua kunguru. Mahakama yafanywa, jogoo Charles ndiye hakimu, na Freddy amtetea mshtakiwa mpaka hila ya panya yafichuka. Shamba lina gereza lake pia, nalo lina starehe kiasi kwamba wafungwa hawataki kutoka, na walio nje hutafuta makosa ya kutenda ili waingie. Msomaji wa mwaka 1932, Marekani ilipokuwa katikati ya mdororo mkuu wa uchumi na watu wengi wakikosa kazi na chakula, hakuhitaji kufafanuliwa ladha ya kejeli hiyo.

Namna Brooks alivyoushughulikia ukuta ni ya kale kuliko ionekanavyo. Aliwapa wanyama jamii kamili: hakimu wao, gereza lao, na katika vitabu vilivyofuata benki, gazeti na jamhuri yenye rais. Kwa hivyo ushahidi wa mnyama wasikilizwa na mnyama. Hii ndiyo njia ya Kalila na Dimna, na kwa sababu hiyo Freddy, pamoja na kumwiga Holmes, yu karibu na hurafa kuliko warithi wake wote. Hata hivyo, ukuta haukutoweka. Bwana Bean huona haya kuwasikia wanyama wake wakisema, nao kwa heshima hujizuia mbele yake. Brooks, ambaye pia alimbuni farasi asemaye Mister Ed, aliyekuja kuwa maarufu katika televisheni ya Marekani kuanzia 1961 hadi 1966, alilifahamu vizuri jambo hili: kinachomfadhaisha binadamu si mnyama kuwa na akili, bali ni mnyama kumwambia.

Paka wa Pickax na paka wa Crozet

Riwaya za Brooks zilikuwa za watoto. Ili mnyama mpelelezi aingie katika riwaya ya watu wazima, ilibidi kwanza anyamazishwe. Kazi hiyo ilifanywa na Lilian Jackson Braun, aliyelitumikia gazeti la Detroit Free Press kwa takriban miaka 30. Mwaka 1966 alitoa The Cat Who Could Read Backwards, akafuatisha vitabu viwili mwaka 1967 na 1968. Kisha miaka 18 ikapita bila kitabu kingine cha mfuatano huo. Mwaka 1986 alirejea, na tangu hapo hadi 2007 vitabu vilifika 29. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 97.

Vitabu vya kwanza vimewekwa katika mji mkubwa. Baada ya kurejea, Braun alimhamisha mhusika wake mkuu, mwandishi wa habari Qwilleran, mpaka mji mdogo wa kubuni wa Pickax, mbali kaskazini. Hamisho hilo ni la maana katika historia ya utanzu. Ndilo lililoufanya mji mdogo wa Marekani kuwa makao ya kawaida ya paka mpelelezi, kama kijiji cha Kiingereza kilivyokuwa makao ya bikizee.

Paka Koko hasemi neno. Huangusha kitabu kutoka rafuni, na jina la kitabu lina fununu ndani yake. Hunusa, hukataa chakula, humkodolea macho mgeni. Qwilleran ndiye asomaye ishara hizo, na mara nyingi huzisoma akiwa amechelewa. Hivyo Braun amemrudia mbwa wa "Silver Blaze". Tofauti ni kwamba mbwa yule hakukusudia kumwambia mtu lolote, ilhali msomaji wa Braun haachwi kamwe na hakika kama Koko akusudia au la. Shaka hiyo ndiyo iliyomlinda Braun na amri ya Knox.

Mwaka 1990 Rita Mae Brown, aliyekuwa tayari amejulikana kwa riwaya ya aina nyingine kabisa, Rubyfruit Jungle ya mwaka 1973, alitoa Wish You Were Here. Mahali ni Crozet, mji mdogo ulioko kweli katika jimbo la Virginia. Mhusika mkuu wa kibinadamu, Mary Minor Haristeen, aitwaye Harry, ndiye msimamizi wa posta. Wanyama wake ni paka Bibi Murphy na mbwa Tucker. Watu wa mji wapokea postikadi zenye picha za makaburi, na wazipokeao wauawa.

Kuiweka riwaya katika ofisi ya posta ni uteuzi mzuri wa mandhari. Posta ya mji mdogo ndiyo njia panda ya maneno yote: barua, kadi, umbeya na kimya. Harry huona nani amwandikiaye nani. Hata hivyo katika njia panda hiyo ya mawasiliano wamo viumbe wawili wasioweza kuwasiliana na wenye nyumba. Brown aliwapa wanyama wake lugha kamili. Hujadiliana, hutaniana, hugombana, hupanga hoja, na msomaji husoma kila neno. Pua zao hufika kabla ya macho ya polisi. Lakini Harry asikia kubweka na kulia kwa paka tu. Mara nyingi hufikiri kwamba wana njaa.

Hapa ukuta umefika kilele chake, na pamoja nao dhamira ya utanzu imekomaa. Katika Poe, binadamu walisikia sauti ya mnyama wakaidhania lugha. Katika Brown, binadamu wasikia lugha wakaidhania sauti ya mnyama. Msomaji, aliyewekwa juu ya ukuta akiwasikia wa pande zote mbili, apata uchungu wa kumwona mtu mwema akiipuuza habari ambayo ingemwokoa, kwa sababu tu imetoka katika kinywa asichokihesabu. Na kuna kinaya kingine. Jaladani, paka wa mwandishi mwenyewe, Sneaky Pie Brown, ametajwa kuwa mwandishi mwenza. Paka aliyepewa jina juu ya kitabu ni wa jamii ile ile isiyosikilizwa ndani yake.

Paka apigaye simu

Aliyeukaribia zaidi ukuta kwa nia ya kuubomoa ni Shirley Rousseau Murphy katika Cat on the Edge ya mwaka 1996. Mji ni Molena Point, mji mdogo wa kubuni ulioko pwani ya California. Paka Joe Grey amwona mtu akiuawa kichochoroni, na katika siku hizo hizo agundua kwamba ana uwezo wa kusema na kusoma lugha ya binadamu. Mwuaji naye amtambua paka yule kuwa shahidi, aanza kumwinda. Joe akutana na paka jike, Dulcie, mwenye kipawa kama chake, na pamoja waingia katika upelelezi.

Ingetazamiwa kwamba sasa fumbo lingekwisha upesi. Haikuwa hivyo. Joe na Dulcie hupiga simu polisi. Huinua mkono wa simu, husema wakijuacho, hukata. Mkuu wa polisi, Max Harper, azoea kupokea habari za kweli kutoka kwa watu asiowajua, na hajui kuwa si watu. Laiti angejua, ushahidi ungekuwa batili, kwani hakuna mahakama ya California ambayo ingemwapisha paka. Watu wachache waijuao siri huificha kwa nguvu zao zote.

Murphy, basi, aliuvunja ukuta wa lugha akagundua nyuma yake ukuta wa pili, nao ni wa hadhi. Neno la paka lakubaliwa kwa sharti moja: litenganishwe na paka. Sauti yaingia kituoni, mwenye sauti abaki nje gizani. Hili ni jambo ambalo hurafa haikupata kulisema, kwa kuwa katika hurafa chui husimama mahakamani kwa miguu yake mwenyewe.

Kondoo wa Glennkill

Kazi ya mwisho ya kutazamwa yatoka Ujerumani, ingawa mandhari yake ni kijiji cha kubuni cha Ireland. Mwaka 2005 Leonie Swann, kwa jina la kalamu, alitoa Glennkill. Mchungaji George Glenn amekutwa malishoni amekufa, sepetu imemchoma mwilini. Kondoo wake waamua kumtafuta mwuaji. Mwerevu wao aitwa Miss Maple, na jina hilo lamkumbusha msomaji juu ya deni la mwandishi kwa Christie.

Kondoo hawa wana lugha yao, na pia wafahamu maneno ya binadamu, kwa sababu George alikuwa na mazoea ya kuwasomea vitabu. Aliwasomea hata riwaya ya upelelezi, lakini hakuimaliza. Wamejifunza nusu ya utanzu. Maneno ya binadamu wayasikia, dunia ya binadamu wasiielewe: padre, urithi na mapenzi ni mafumbo makubwa kwao kuliko maiti. Kwa hivyo Swann ameugeuza ukuta. Kwa waandishi waliotangulia, binadamu ndiye asiyefahamu. Kwake, pande zote mbili hazifahamu, na msomaji alazimika kutafsiri mara mbili.

Walipotaka kuyafikisha wayajuayo, kondoo hawakusema wala hawakupiga simu. Waliigiza. Katika mashindano ya kumtafuta kondoo mwerevu kuliko wote kijijini, walisimama mbele ya watu wakaonyesha kwa vitendo yale waliyoyavumbua. Watazamaji wengi waliona mchezo wa ajabu tu. Shahidi amepewa jukwaa, na bado ushahidi wake wachukuliwa kuwa tamasha.

Hitimisho

Tukizipanga kazi hizi kwa tarehe zake, twaona mwendo ulio wazi. Mwaka 1932 wanyama walikuwa na mahakama yao wenyewe. Mwaka 1966 mnyama alinyamazishwa akaachiwa ishara. Mwaka 1990 alirudishiwa lugha lakini akanyimwa msikilizaji. Mwaka 1996 alipewa msikilizaji lakini akanyimwa uso. Mwaka 2005 alipewa uso na jukwaa lakini akanyimwa kuaminiwa. Katika kila hatua mnyama ndiye ajuaye, na binadamu ndiye aamuaye.

Fasihi ya Kiswahili ina mlango wake katika jambo hili. Edward Steere alipochapisha Swahili Tales mwaka 1870, mkusanyo wa hadithi alizozipata Unguja, aliweka ndani yake kisa cha kima, papa na punda wa dobi, ambacho asili yake ni moja na kile cha Kalila na Dimna. Aliweka pia hadithi ya Sultani Darai, ambamo paa amtoa maskini jalalani, ampa jina, nyumba na mke. Paa huyo husema na watu, na watu humjibu bila kushangaa. Lugha si kizuizi. Lakini paa alipougua, bwana wake hakumjali, akafa kwa uchungu wa kutothaminiwa. Ngano haikuuhitaji ukuta wa lugha ili kuonyesha dhuluma: mnyama alisikiwa barabara, kisha akapuuzwa. Na Muhammed Said Abdulla alipoileta riwaya ya upelelezi katika Kiswahili kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, alimtwaa mwanafunzi wa Holmes, Bwana Msa, akamwacha paa katika ngano. Tanzu hizo mbili, ambazo Marekani zilioana mwaka 1932, huku ziliingia katika maandishi kwa milango mbalimbali.

Mhakiki aweza kuuliza kama yote hayo yana maana nje ya vitabu. Maana ipo karibu. Nchini Kenya lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Shahidi asiyejua hata moja kati ya hizo husema kwa kinywa cha mkalimani. Alichokiona ni chake, lakini kinachoandikwa katika jalada la kesi ni maneno ya mwingine. Hakimu hana budi kuamini kwamba kilichovuka ndicho kilichotumwa. Mtu huyo si mnyama wa riwaya, na kumfananisha naye kungekuwa ni kumtukana. Anayefanana na mtu wa riwaya ni yule akaaye upande wa pili: jirani wa Rue Morgue aliyeiita sauti kwa jina la lugha asiyoijua, na Harry aliyedhani kwamba paka wake ana njaa.

Riwaya hizi ni nyepesi, na waandishi wake hawakudai vinginevyo. Mwuaji hukamatwa, mji hurudia utulivu wake, paka hupewa samaki. Lakini baada ya kitabu kufungwa, msomaji aliyeketi juu ya ukuta kwa kurasa mia tatu, akiwasikia wote wawili, ajua jambo moja ambalo mji wote haukulijua: tangu siku ya kwanza palikuwa na shahidi, naye hakuwahi kunyamaza.